Lori Halisikii Mdomo

Mwanangu, kesho unakwenda kutahiniwa udereva, nami moyo unanidunda kana kwamba leseni ni yangu. Kaa hapa kidogo. Siku niliyopanda lori kwa mara ya kwanza, miguu yangu haijaisahau hadi leo.

Nilikuwa mwendesha maksai katika shamba la mzungu mmoja huko Moiben. Tulipeleka mahindi kwa mkokoteni hadi stesheni ya Eldoret, matope yakitufika magotini. Kisha likaja lori jipya la kijani, likinukia rangi na petroli, nikakosa usingizi. Bwana alisema nikifaulu mtihani wa polisi nitaliendesha mimi. Nikishindwa, ataleta dereva kutoka Nakuru, nami nirudi kufuata mikia ya ng'ombe.

Aliyenifundisha ni Mzee Wanjala, dereva wa shamba jirani, mtu wa Bungoma. Kwanza alinikataza kugusa usukani. Kagua maji, kagua oili, hakikisha gia haijaingia kabla ya kuzungusha hendeli ya kuwasha injini, la sivyo lori litakupanda, akaniambia. Ndipo tukatoka. Upepo ulinipiga usoni, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mara ghala la mahindi likawa mbele yetu. Nikavuta usukani kifuani kwa nguvu zote, nikapaza sauti, "Hooo! Hooo!" kama ninavyosimamisha maksai. Lori likaendelea tu. Mzee Wanjala akavuta breki ya mkono, tukasimama bampa ikigusa ukuta.

"Wewe," akasema taratibu, "ulikuwa unaita nani?"

"Maksai, Mzee. Nimesahau niko kwenye lori."

"Lori halisikii mdomo. Linasikia mguu. Ukitaka kuongea nalo, ongea huku chini."

Lakini hakuniacha na aibu yangu. Alinipeleka mlimani. "Maksai wakipanda, breki ya mkokoteni unafungua saa gani?"

"Mnyororo ukikaza, Mzee."

"Basi inua klachi polepole. Ukisikia lori limekaza kama mnyororo, achilia breki."

Nikainua. Lori likakaza, likatetemeka chini yangu, likapanda bila kurudi nyuma hata kidogo. Ah, mwanangu, ningeweza kuimba.

Siku ya mtihani, afisa mzungu aliketi kando yangu. Tulivuka daraja la Sosiani, akanisimamisha katikati ya mlima, akaniambia niondoke. Mnyororo ukakaza, tukaondoka. Nikanyoosha mkono nje, nikakata kona, na papo hapo mkokoteni wa maksai ukachomoza mbele yetu.

"Hooo!" Ilinitoka yenyewe.

Maksai wakasimama. Lori nalo likasimama.

Afisa akaokota kofia yake sakafuni. "Hii gari nasikia wewe?"

"Hapana, Bwana. Ng'ombe imesikia mdomo. Gari imesikia mguu."

Akainama kutazama. Mguu wangu ulikuwa umekandamiza breki hadi mwisho. Akacheka mpaka machozi, akatia sahihi.

Basi kesho, wewe uliyezoea baiskeli, usiitupe baiskeli yako yote. Chukua macho yake, yanayoona shimo mapema. Acha ile tabia ya kulala upande ukikata kona. Kagua kabla ya kuwasha, tazama nyuma kabla ya kuondoka, onyesha mkono mapema, na mlimani subiri gari likaze.

Mungu akutangulie kila kona, akurudishe salama. Ukifika kwenye daraja la hapa karibu na nyumbani, piga honi. Nitakuwa nimesimama langoni nikikusikiliza.