Nilimtunga Msemaji Mkuu wa Kongamano, Siku Yenyewe Akatokea

Nimewahi kumtunga mtu kwenye simu, mchana kweupe, huku nakula chipsi mayai.

Wiki tatu baadaye mtu huyo akaingia ukumbini, akanipa mkono, akauliza kipaza sauti kiko wapi.



Naitwa Melkizedeki. Washikaji wa Levolosi wananiita Melki. Kazi yangu ni blogu. Nilianza na umbea wa mpira, halafu nikachukuliwa na dada Aarti, mwenye kampuni ya kuandaa mikutano hapa mjini. Aarti amezaliwa Arusha, na akikukasirikia anakushushia Kiswahili cha sokoni mpaka unatamani arudi kwenye Kigujarati.

Mwaka jana tukapata tenda ya Kongamano la Ufugaji wa Kisasa. Mteja wetu alikuwa jumuiya moja ya wadau wa mifugo, mwenyekiti wake Mzee Elirehema.

Mzee huyo nimemsikia akitaja "wadau" mara kumi na moja kwenye sala ya kufungua kikao. Ng'ombe hakumtaja.

Mimi nikapewa blogu ya kongamano. Nipange ratiba humo, nitangaze, nisajili watu.

Nilitangaza bwana! "Sababu Saba za Kutokosa Kongamano." Kesho yake, "Sababu Nyingine Tano." Nikaweka picha ya ng'ombe wa Ulaya, msafi kuliko mimi.

Wiki ya kwanza blogu ilisomwa mara ishirini na sita. Ishirini nilikuwa mimi.

Waliojisajili ni kumi na wanne, na wawili kati yao ni wazazi wa Aarti, ambao nyama hawali.

Kama haitoshi, msemaji mkuu akajitoa. Amepata safari.

"Melki," Aarti akaniambia, "pale kwa msemaji mkuu pameachwa wazi. Ratiba inaonekana kama mdomo uliong'oka jino."

"Niweke nini?"

"Weka chochote. Tukimpata mtu tutabadilisha."

Nikaweka chochote.

Nikaandika: "Dkt. Lesikar wa Oldonyo Sambu. Mtafiti asiyependa kupigwa picha. Amekataa mialiko ya nchi nne. Sasa, kwa mara ya kwanza, atazungumza hadharani."

Jina nililiona nyuma ya lori. Oldonyo Sambu niliwahi kupita nikienda harusini Longido. Utafiti wangu uliishia hapo.

Kimeumana.

Mpaka jioni watu elfu mbili walikuwa wamesoma. Komenti zikamiminika.

"Hatimaye! Huyu mzee ni hazina."

"Kitabu chake kilibadilisha maisha yangu."

Kitabu gani tena?

Mwingine akanikosoa kabisa: "Mwandishi rekebisha, Dkt. Lesikar ni mtaalamu wa kupe." Nikamshukuru, nikaongeza kupe kwenye wasifu.

Uoga ukanipanda. Nikamfuata Aarti, nikamwambia ukweli wote. Akanigeuzia kompyuta.

"Waliojisajili ni mia mbili na arobaini."

"Ndiyo maana nasema tumfute, dada."

"Mtu anapendwa hivi, unamfuta?"

Simu yangu ikaita. Mzee Elirehema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hongereni kwa kumpata Lesikar! Mimi na yeye tumesoma Morogoro. Chumba kimoja."

"Chumba kimoja, mzee?"

"Yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Akili nyingi, ila mchafu kidogo."

Nilipokata simu, Aarti alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

Tukakubaliana hivi: asubuhi ya kongamano tutatangaza kuwa daktari amepata dharura. Tangazo nikaliandika kabisa, nikaliweka tayari. Lilibaki kubonyeza tu.

Siku ikafika. Ukumbi pale Elerai umefurika, viti tukaazima kanisani. Saa nne kasoro natoa simu nibonyeze, naona mzee mmoja mrefu anakuja. Shuka nyekundu, juu yake koti la suti, miguuni katambuga za tairi.

"Shikamoo mzee. Nikusaidie?"

"Marahaba." Akanipa mkono. "Mimi ndiye Lesikar."

"Lesikar... yupi?"

"Wa kwenye simu yako. Kipaza sauti kiko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Elirehema ameshafika, mikono ameipanua.

"Lesikar! Hujabadilika hata kidogo!"

Mgeni akamwangalia bila kupepesa. "Na wewe hujabadilika."

Wakakumbatiana. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akapanda jukwaani kumkaribisha mwenyewe, akasimulia chumba kimoja, akasimulia kitanda cha juu, akafuta na chozi.

Nikafuta tangazo langu la dharura.

Mzee akashika kipaza sauti.

"Mimi sikuja na makaratasi," akasema. "Nimekuja na habari ya josho."

Akawageukia viongozi wa jumuiya waliokaa mbele.

"Miaka mitatu iliyopita jumuiya hii ilikuja kwetu kujenga josho la kuogeshea ng'ombe. Mkakata utepe, tukawachinjia mbuzi. Maji hayakuja. Mwaka uliofuata mkarudi, mkapaka josho rangi, mkakata utepe mwingine, tukawachinjia mbuzi mwingine. Maji hayakuja. Bomba linapita jirani hapo, halijaunganishwa tu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mwezi wa tatu nimepoteza ng'ombe tisa kwa ndigana. Inaletwa na kupe, nyinyi wasomi mnajua. Mmoja alikufa ameweka kichwa kwenye mapaja ya mke wangu. Kutoka hapo mpaka kwenye josho ni hatua mia mbili. Watoto wanachezea mpira humo ndani."

Sasa hakuna aliyecheka. Aarti, aliyekuwa anahangaika na sambusa mlangoni, aliweka trei chini.

Mzee akamgeukia mwenyekiti.

"Elirehema. Ndugu yangu wa chumba kimoja. Maji yanakuja lini?"

"Suala hilo, ndugu wadau, tunalifanyia kazi mapema iwezekanavyo."

"Mapema ni tarehe ngapi?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Na angemkana vipi, wakati kitanda cha juu amekisimulia mwenyewe dakika tano zilizopita?

"Tarehe kumi na tano," akasema kwa sauti ndogo. "Mwezi ujao."

"Kijana wa blogu! Umeandika?"

"Nimeandika, mzee."

Nikabonyeza. Ikaenda hewani, watu wakaanza kusambaziana humohumo ukumbini.

Ilipofika saa ya chakula nikamtafuta mzee, simwoni. Alishaondoka na mifuko minne ya kongamano.

Mwezi huo sikulala vizuri. Kila siku watu wanauliza kwenye blogu: "Vipi josho?" Mwenyekiti alinipigia mara tatu nifute ile tarehe. Mara zote tatu nilimwambia mtandao unasumbua.

Tarehe kumi na saba, siku mbili nyuma ya ahadi, maji yakatoka.

Aarti akanituma nikapige picha. Nikaenda, ila moyoni nilikuwa na langu: nimwombe mzee radhi kwa kutumia jina lake bila kumjua.

Nikashuka Oldonyo Sambu, nikamuuliza mama mmoja dukani.

"Mama, shikamoo. Kwa Daktari Lesikar ni wapi?"

"Lesikar gani? Hapa hatuna daktari wa jina hilo."

"Mrefu, anavaa koti la suti."

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Huyo ni Lemomo! Yuko joshoni."

Nikamkuta anaswaga ng'ombe mmoja mmoja waingie majini. Pembeni binti yake, mwalimu Nalepo, anaandika idadi kwenye daftari.

"Mzee," nikasema, "wewe si Lesikar?"

"Kwani wewe ulimtoa wapi?"



Nalepo akadakia. "Kaka Melki, mimi nasoma blogu yako. Niliwasomea wazee kwenye kikao. Wakashangaa: tuna daktari wa kupe kijijini, na ng'ombe wanakufa? Tukamtafuta boma kwa boma. Hayupo."

"Nikasema basi, ni uongo wa mjini," akasema Lemomo. "Binti yangu akasema, baba, mtu hayupo, lakini nafasi yake ya kusema ipo. Saa nne na nusu, dakika arobaini. Imeandikwa."

"Wakapiga kura," Nalepo akasema. "Wagombea watatu. Baba alishinda kwa sababu ana koti."

"Hukuogopa mwenye jina atatokea?"

"Niliogopa sana. Lakini mwenyekiti aliponikumbatia na kusema tumelala chumba kimoja, nikajua Lesikar hayupo hata huko kwenu."

Nikataka kucheka, nikashindwa. Nalepo akanionyesha barua nne walizokuwa wameiandikia jumuiya, miaka mitatu. Hakuna iliyojibiwa. Uongo wangu wa mchana mmoja ulisomwa siku ileile na watu elfu mbili.

Ng'ombe akaruka majini, tukalowa wote watatu.

"Piga picha," Lemomo akasema. "Safari hii andika jina langu."

Nikaandika. Lemomo, mfugaji, Oldonyo Sambu. Hakuna daktari. Nikaungama na uongo wangu wote, chini ya jina langu kamili. Wapo walionitukana, nikawaacha watukane, walikuwa na haki.

Ndugu yangu unayeandaa mkutano, nisikilize. Kabla hujaandika jina la msemaji mkuu, nenda kawaulize wenye shida nani kati yao anataka kusema. Mimi nilikaa wiki tatu natafuta watu wa kujaza ukumbi wa ufugaji, na sikumpigia mfugaji hata mmoja. Wenzangu kule walikaa kikao, wakabishana, wakachagua mtu, wakapanga cha kusema, wakajua na cha kudai.

Sisi tuliandaa kongamano. Wao walijiandaa.