Wimbi Juu ya Waya wa Zahanati

Siku ya kwanza kumwona Blandina alikuwa juu ya mgunga, amevaa buti za mpira, anafunga waya. Metui, mfugaji jirani yetu, akamuuliza kama anataka kuanika nguo za kata nzima. "Lete hilo lubega lako nianze nalo," akamjibu, "linanuka moshi."

Mimi ni mlinzi wa zahanati hii ya Ngorongoro. Yeye alikuwa fundi redio, Mwiraqw kama mimi, kwao Mbulumbulu. Ufundi aliupata kwenye gereji za Karatu, kwenye magari ya watalii. Huku simu hazishiki. Waya ule mrefu ulielekezwa Karatu ili nesi aweze kuita gari mama akishindwa kujifungua.

Mchana redio ilisikika vizuri. Kila jioni ilififia. Wenye mradi wa redio wakasema isipopona wiki ile, wataipeleka kwingine. Blandina alirudi, akakagua kila kitu mchana, hakuona kosa. Akakaa barazani na kompyuta yake, akauchora waya humo, akaniita nitazame, maana nilisimama mbali kwa aibu.

Rangi nyekundu ilitoka kwenye redio ikatembea juu ya waya kama upepo juu ya ngano, ikafika mwisho kwenye kisanduku kidogo, ikatulia humo. Hilo, akasema, ni wimbi linalosafiri, nguvu zake zinaelekea Karatu. Kisha akakiondoa kisanduku kwenye mchoro. Wimbi likagonga mwisho, likarudi, likakutana na lingine linalokuja. Wekundu ukawa unavimba na kunywea palepale, hauendi popote. Nguvu nyingi zikageukia nyuma, porini. Kila siku nilipita chini ya waya ule, nikidhani ni waya tu.

Ndipo nikaelewa. Jioni mlinzi huingiza ndani kila kinachoibika: ndoo, jembe, taa. Hata kisanduku chenyewe, kile cha mwisho wa waya, nilikuwa nakifungua na kukiingiza ndani, asubuhi nakirudisha. Nilimweleza nikitazama chini. Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema siku tatu alikuwa analilaumu anga la jioni bure.

Jioni ile kisanduku kilibaki nje. Nesi Naishorua akaita, na Karatu wakajibu mara moja, wazi kama wako chumba cha pili.

Asubuhi Blandina akaondoka na gari la chanjo. Baadaye alihamia Dodoma, sikumwona tena. Nilishindwa hata kumshukuru. Asubuhi ile, gari likiondoka, ni yeye aliyefungua kioo.

"Kaka Josephati," akasema, "wewe ni mlinzi mzuri. Kisanduku kile kilinde hukohuko kilipo."