Mgombea Aliyeruka Nyumba ya Mama Yake

Wewe Paskali, adabu umeiacha wapi?

Unagombea ubunge, unapita nyumba kwa nyumba hapa Ganako, halafu unaruka ya mama yako mzazi?

Leo nimefagia uwanja mapema. Nikapika makande ya maziwa, sufuria kubwa. Nikavaa kitenge cha Pasaka, nikakaa mlangoni.

Gari la matangazo likaja. Likapita. Likasimama kwa jirani yangu, Mama Kornelia.

Nikangoja. Nikasema labda ananiweka wa mwisho. (Mama naye hana akili.)

Mwishowe nikaenda mwenyewe. Namkuta mwanangu kwenye kigoda cha watu, anakula viazi vya watu, anasema:
"Mbunge tuliye naye amewasahau wazee. Mimi nitawatembelea!"

Wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Aliponiona akanishika mkono kama alivyowashika wote. "Mama, kwako sina wasiwasi. Kura yako ninayo."

"Nani kakupa?"

Watu wakacheka sana. Yeye akaangalia saa, akapanda gari, wakaondoka.

Mara ya mwisho kukaa jikoni kwangu ni kwenye msiba wa baba yake. Makande nimekula peke yangu, mengi nimemwagia mbwa.

Nyie mnaomwekea makopa humu mtandaoni, hebu acheni. Mpigieni simu, maana yangu hapokei. Mwambieni aje Jumapili baada ya misa, bila spika, bila mpiga picha. Na akae mpaka mimi nimwambie nenda.