Nyuma ya Leso ya Mama

Nilipokuwa na miaka tisa, Nyanya alinikataza mchezo mmoja tu: kumfichia mtoto kitu. Ningeweza kumbeba mdogo wangu Yona mgongoni hadi mtoni, hata kumrusharusha mpaka acheue. Kuficha, hapana.

Mama alikuwa amefariki kwa homa baada ya mafuriko kupungua kwetu Wenje, Yona akiwa na miezi mitano. Leso yake iliachwa ikining'inia kwenye mlango wa chumba cha ndani, kama pazia, ilivyokuwa siku zote. Yona hakulia kama tulivyoogopa. Alikunywa uji wake, akalala.

"Kwake yeye, kisichoonekana hakipo," Nyanya aliniambia akipukuchua mahindi. "Hiyo ni rehema. Usimfundishe kutafuta, Mariamu. Akijua kutafuta atamtafuta mamake. Na akimpata, atamfuata."

Niliamini. Lakini Nyanya alikuwa akishinda shambani, na mtoto wa miezi minane hachoki kuchezewa. Siku moja nilimpa Yona gunzi la hindi, kisha nikalichukua na kulifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukindu tulichofunikia chakula. Alitazama mikono yangu mitupu, akageukia kuku. Gunzi lilikuwa limefutika duniani. Nilipolifunua alishtuka kwa furaha kana kwamba limezaliwa upya, nami nikacheka mpaka nikasahau onyo. Tulicheza hivyo siku nyingi, hadi asubuhi moja akanyoosha mkono, akainua kawa mwenyewe.

Nilimpigia makofi.

Jioni ile ile alitambaa hadi mlango wa ndani, akainua pindo la leso ya Mama, akachungulia. Akaliachia. Akaliinua tena. Kisha akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

Nyanya alikuwa ndiyo kwanza anaingia, jembe begani. "Nani kamfundisha?"

Kawa ilikuwa bado sakafuni, gunzi likichungulia ukingoni.

"Haya, mwalimu wa kawa! Mfundishe na kusahau sasa."

Kwa siku mbili Yona aliukataa uji. Aliinua kila nguo, kila gunia, akirudi daima kwenye ile leso. Midomo ilimkauka. Nilijua nimemuua ndugu yangu, na sikuwa na wa kumwambia.

Siku ya tatu nilirudi na ndoo ya maji nikasikia kicheko. Nyuma ya leso alikuwa ameketi Nyanya, bakuli la uji mapajani. Alijifunika pindo usoni, Yona akalifunua, akacheka, akapokea kijiko. Wakarudia. Wakarudia tena.

"Usisimame kama mti," Nyanya aliniambia. "Ongeza kuni."

Leo ni miaka mingi nafundisha watoto wadogo hapa Garsen. Najua Yona angejifunza hata bila mimi. Kila mtoto hufika umri ambapo anagundua kwamba kitu kikifichwa hakijaondoka, na tangu hapo hukitafuta. Nawaambia hivyo mama vijana wanaoogopa watoto wao wanapokodolea macho mahali patupu. Nilimwambia hata Nyanya, katika uzee wake, nikitaka kuutua mzigo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Lakini siku ile uliyotukuta nyuma ya leso, mimi sikuwa nimejificha. Nilikuwa uani napepeta. Niliingia kwa sababu nilimsikia anacheka. Nikamkuta peke yake, kashika leso juu, anacheka na chumba kitupu. Ndipo nikakaa pale upesi, ili atakayempata awe mimi."

Yona ni mtu mzima, ana wanawe huko Hola. Mimi darasani bado natumia kawa na gunzi. Ila kabla mtoto hajanyoosha mkono, mimi huinua ukingo kidogo, nikahakikisha kwamba chini yake kuna kile nilichokiweka, na hakuna kingine.