Koti la Kijivu Gulioni

Leo nimepita mahali wanapofungua robota la mitumba, na ile harufu ya nguo zilizokaa muda mrefu ndani ya nailoni ikanisimamisha.

Mama hakuwahi kutununulia nguo kabla ya Krismasi. "Waacheni wenye haraka wanunue," alisema. Sikukuu tulikwenda kanisani na magauni ya mwaka uliopita. Januari moja, wachuuzi walipoanza kushusha bei, mimi naye tukaenda kwa miguu mpaka gulio la Nyamwaga, yeye na mkungu wa ndizi kichwani.

Ndizi zilipokwisha, alininunulia sweta la shule. Aliligeuza upande wa ndani, akavuta mishono, akaliinua juani kutafuta matundu. Mimi nikalilia gauni la njano lenye riboni. Akanionyesha kwapa lililochanika.

"Hili litakufurahisha Jumapili moja tu."

Nikanuna. Akachukua sweta, lilinifika magotini.

Muuzaji alipokuwa akitafuta chenji, mama aliokota koti la kijivu kwenye turubai, akalivaa. Akafunga vifungo vyote, akasimama, mikono mifukoni. Sikuwa nimewahi kumwona amesimama bila kubeba kitu.

"Limekukaa, mama," muuzaji akasema. "Chukua, leo nakupunguzia."

"Nilikuwa napima tu."

Akalivua, akalikunja vizuri kuliko alivyolikuta. Mimi bado nilikuwa na hasira ya gauni langu, na njia nzima ya kurudi nyumbani sikumsemesha.