Fahali Aliyepotelea Kwenye Filamu

Siku moja siisahau, mwanangu, wewe unayeninyooshea simu nione video yako na kusema, "Bibi, ona mwanga huo!" Mwanga nimeuona. Kaa kwanza.

Huyo Marwa mnayemsifu kila mahali kwa filamu zake, ya kwanza tuliirekodi hapa hapa Nyanungu. Fahali ameibwa, mpelelezi anamtafuta, na mimi ndiye mwanamke wa siri. Mpelelezi alikuwa binamu yangu, kavalishwa koti la mvua wakati wa kiangazi, maskini, jasho linamtiririka! Tulirekodia jikoni kwa mama yake Marwa, moshi mpaka machozi, jua likipenya kwenye nyasi za paa. Picha nyeusi na nyeupe, vivuli vitupu. Jamani, ilipendeza! Mama yangu mwenyewe aliuliza yule mrembo ameolewa wapi.

Baba yake Marwa, Mzee Chacha, ndiye mwenye fahali. Alikuwa ameweka sharti: wazee wakiridhika, atamnunulia mwanawe kamera yake mwenyewe, maana ile tuliyotumia ilikuwa ya kuazima. Wasiporidhika, arudi kuchunga, na habari za filamu ziishe.

Tukawakusanya wazee darasani, madirisha tumeziba kwa mablanketi, tukawaonyesha filamu. Mwishoni mwake mpelelezi akavuta sigara, mimi nikapotelea kwenye moshi. Tukapiga makofi, sisi wenyewe tu.

Mzee Chacha akasimama. "Mura, kijana wangu, fahali yuko wapi?"

"Baba, si yuko zizini kwako?"

"Huyo nimemwona asubuhi. Nauliza wa kwenye filamu! Ameibwa, hakuna aliyepiga yowe, hakuna aliyeinama kutazama kwato. Huyu mwenye koti anatafuta nini, moshi?"

Marwa akajibu kwamba hiyo ni siri, mtazamaji abaki akijiuliza.

"Kwa ng'ombe wa mtu hakuna kujiuliza. Anafuatwa!"

Ukweli ni kwamba siku ya kurekodi ule wizi kule malishoni, ng'ambo ya kijito, fahali alituchoka, akajiendea nyumbani. Marwa akadhani vivuli vitaziba pengo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sasa machozi yalikuwa yanamlenga, nami roho iliniuma. Mzee akampa nafasi moja tu: "Kamtafute."

Kesho yake tukamwachia fahali pale pale malishoni, tukapiga yowe. Wazee wakaja na fimbo zao, wakafuata nyayo wakibishana kila kwato, Marwa nyuma na kamera. Nyayo zikavuka kijito, zikapita mihogoni, zikaingia moja kwa moja zizini kwa Mzee Chacha. Na huku kwetu unajua, nyayo zinapoishia ndipo penye jibu.

"Chacha," wakasema wazee, "zimeishia kwako. Jibu!"

Mzee akabaki mdomo wazi, jua la mchana usoni, kivuli hakuna. Marwa akamrekodi hivyo hivyo. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kamera ikanunuliwa.

Kwa hiyo, mwanangu, vivuli sikukatazi. Lakini ukiiba ng'ombe mwanzoni, fuata nyayo mpaka zizini, hata kama zizi ni la baba yako. Yule msichana anayelia mwanzo wa video yako, kapatwa na nini? Umeona? Hujui.

Nenda ukamtafute. Mungu akubariki, simu yako isikose chaji, na hadithi zako zisikose ng'ombe.