Kona Isiyokuwa na Mtu

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikaanza kurudi madukani, nilimpoteza mume wangu Lusekelo kwenye mteremko ulio juu ya Ipinda. Alikuwa kwenye mbio za baiskeli za siku tatu, na ile ilikuwa siku ya mwisho.

Naikumbuka siku hiyo kila ninapoona baiskeli ikitoka milimani. Wiki hii nimeikumbuka zaidi, mwanangu, kwa sababu umekuja kuniomba baraka. Unasema unakwenda kushindana siku kadhaa kwenye milima ya Livingstone, kulala huko na kuamkia baiskeli tena. Baraka nitakupa. Nimeona niandike kwanza, maana nikianza kusimulia kwa mdomo sauti huniishia. Lusekelo ni babu yako, na hukumwona.

Mimi ni mtoto wa Njisi. Niliishia darasa la saba, nikaolewa Ipinda, na nyumba niliyoingia ilikuwa ya nyasi. Mvua za Kyela unazijua. Zikianza, tulihamisha kitanda kutoka pembe hii kwenda pembe ile, na maji yakatufuata. Wakati huo mfanyabiashara mmoja wa Kyela mjini, Mzee Hamadi, ambaye wazazi wake walitoka pwani, alikuwa ameanza kuuza baiskeli za gia. Ili watu wazizoee akaandaa mashindano. Siku ya kwanza ilikuwa kupanda kutoka Kyela mjini hadi Tukuyu. Siku ya pili kuzunguka vilima vya Mwakaleli na kurudi kulala Tukuyu. Siku ya tatu kushuka kwa njia ya Masoko na Ipinda hadi Matema, ufukweni. Mshindi angepewa mabati ya kuezeka nyumba nzima.

Lusekelo aliposikia neno mabati, hakusikia jingine.

Baiskeli alikuwa nayo, ile nyeusi ya Kichina iliyokuwa inabeba mpunga wetu. Kilichotugharimu ni mambo ambayo hakuna aliyetutajia. Kila asubuhi alipanda mlima wa Masoko kujizoeza, na mpunga ukaiva shambani bila mtu wa kufukuza ndege. Alikula chakula cha watu wawili, tukafikia kukaanga karanga za mbegu. Ndama wetu akauzwa ili baiskeli ipate minyororo na tairi mpya. Jioni alirudi amechoka, hawezi hata kuchota maji, nami nilikuwa na mimba ya mama yako. Sikumkataza. Nilitaka mabati kama yeye. Lakini nilikuwa na hofu tangu siku ile alipoandikisha jina, na sikumwambia mtu.

Siku ya kuanza, watu walijaa mbele ya duka la Mzee Hamadi. Vijana wa mjini walikuja na baiskeli za gia zinazong'aa. Mmoja akamtazama Lusekelo akasema, "Kaka, hiyo ni baiskeli au jembe la kukokotwa?"

"Ni jembe," Lusekelo akajibu. "Nitalima mgongo wako mpaka Tukuyu."

Watu wakacheka. Rafiki yake Anyitike, aliyekuwa naye kwenye mashindano, akaongeza, "Mimi msiniulize. Nimekuja kufuata chakula cha bure." Mzee Hamadi mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa natazama breki. Zilikuwa breki za vyuma, na raba zake zilichongwa kutoka tairi kuukuu la lori. Kwenye tambarare ya Kyela raba kama zile hudumu mwaka mzima. Milimani sikujua.

Hapa nikueleze jambo moja, mwanangu, kwa sababu nyinyi wa sasa mmeliacha. Kwetu Wanyakyusa, mke hakutani na baba mkwe wake. Nikimwona anakuja njiani, naingia migombani mpaka apite. Yeye akiniona kwanza, anakohoa ili nipate nafasi, au anageuza njia mwenyewe. Makanisani walikuwa wameanza kulegeza, lakini nyumba yetu ilishika sana. Tangu niolewe sikuwahi kumtazama usoni wala kusemezana naye. Haikuwa chuki. Mama mkwe aliniambia mzee ananisifu kwa wenzake kwamba hajawahi kuona hata kivuli changu. Nami nilijivunia sifa hiyo.

Siku mbili za kwanza nilisikia habari za barabarani tu. Lusekelo yuko wa nne. Lusekelo ameanguka Mwakaleli kwenye tope lakini ameamka. Lusekelo yuko wa pili. Kila habari ilinipa furaha kidogo na hofu nyingi. Nilipika, sikuweza kula. Nilikwenda shambani, nikajikuta nimesimama na mundu mkononi bila kukata kitu, nasikiliza barabara.

Jioni ya siku ya pili Anyitike akateremka kutoka Tukuyu juu ya lori la ndizi. Magoti yake yamevimba, ameacha mashindano.

"Shemeji," akaniambia, "mlima umenifukuza. Hata chakula chenyewe nimekitapika njiani."

"Lusekelo je?"

"Mzima. Amechoka, lakini nani hajachoka? Tatizo ni raba za breki. Zimelika zote Mwakaleli. Zimebaki kama ganda la ndizi. Amesema kesho asubuhi mtu amsubiri na raba mpya pale kwenye kona, mteremko unapoanzia. Atasimama abadilishe."

"Ameonekanaje usoni?"

"Nilimsemesha mara tatu ndipo akaitika," akasema. "Kama mtu aliye mbali."

Nilikwenda kwa fundi, akanichongea raba. Ambalo sikujua ni kwamba Anyitike, kabla ya kufika kwangu, alikuwa amepita kwa baba mkwe wangu na kumpa ujumbe ule ule. Hakuona haja ya kusema. Alidhani ndani ya boma moja tutaambiana. Lakini mimi na mzee hatukuwa watu wa kuambiana.

Kona ile iko ambapo njia inaacha tambarare fupi na kuanza kuporomoka kuelekea daraja la magogo. Nilifika mapema, nikasimama kando na raba zangu kwenye pindo la kanga, chupa ya maji mkononi na ndizi za kuchoma. Nikasubiri. Nilikuwa nahesabu sauti: ile ni mbuzi, ile ni shoka, ile ni upepo kwenye mianzi. Ukungu wa milimani ulikuwa bado haujaondoka.

Ndipo nikamwona baba mkwe anakuja kutoka chini, anapanda taratibu na fimbo yake. Mkononi ana raba, nami nikaziona waziwazi. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu juzi. Nikajisemea, mzee amekuja, atampa mwanawe. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikaingia kwenye shamba la kakao, ndani kabisa, nikachuchumaa nimeipa barabara mgongo.

Yeye naye, kama nilivyokuja kujua baadaye, alikuwa ameniona. Akaona mkwe wake amefika na raba kabla yake, akaona si vizuri kunifukuza mahali pangu. Akarudi chini hatua nyingi, akakaa nyuma ya mianzi akiwa ameipa barabara mgongo. Kila mmoja wetu alimwachia mwenzake njia.

Nikasikia baiskeli inakuja. Nikasikia inapunguza mwendo pale kwenye tambarare, kama mtu anayetafuta. Nikangoja nisikie sauti ya mzee. Sikusikia sauti. Nyuma kidogo nikasikia baiskeli nyingine, ya gia, ya mshindani aliyemfuata, mlio wake mwembamba. Kisha nikasikia chuma cha breki kinasaga chuma cha gurudumu, kinashuka.

Niliinuka, nikakimbia nikiita jina lake. Nilipofika barabarani hapakuwa na mtu. Kule chini kidogo niliona baba mkwe anatoka kwenye mianzi, raba mkononi, ananitazama nami namtazama, na wote wawili tulijua wakati ule ule.

Lusekelo alilikosa daraja, akaanguka. Lori la Mzee Hamadi lililokuwa likifuata mashindano lilimbeba. Alifia njiani, kabla hatujafika hospitali. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Hakusema neno la kukumbukwa. Aliomba maji, nikampa.

Watu wameniambia kwa miaka mingi kwamba ilikuwa siku yake. Wengine wamesema raba mpya zisingesaidia kwa mwendo ule na uchovu ule. Huenda. Mimi sijui, na sitakuandikia nisichokijua. Najua tu kwamba alipunguza mwendo pale, akatazama, akakosa mtu.

Mzee Hamadi alikuja msibani na mabati. Hakuna aliyemdai, naye hakutoa hotuba. Alivua koti, akayateremsha mwenyewe pamoja na vijana, akaketi mkekani na wanaume mpaka jioni. Mshindi alipewa yake, na sisi tukapewa yetu. Niliyapokea. Ndiyo haya yaliyo juu ya kichwa changu ninapoandika.

Sasa, mwanangu, shika haya. Mashindano ya siku nyingi si mbio moja ndefu. Ni kuamka ukiwa umeumia na kupanda tena juu ya maumivu, na siku ya mwisho kichwa kinachoka kuliko miguu. Ukiona watu wanakusemesha mara tatu ndipo unaitika, hapo ndipo pa kuacha, wala usione aibu. Anyitike aliacha, akachekwa, akalea watoto wake wote. Kabla hujaondoka, waite wanaokusaidia wakae mahali pamoja, wewe ukiwepo, kila mmoja aseme kwa mdomo wake atasimama wapi na atashika nini. Usiseme fulani ataelewa. Usiseme wataambiana. Aliyesema atasimama, asimame hata akitokea mkubwa wake, hata akitokea mkwe wake. Na wewe ukifika mahali mlipokubaliana ukakuta hakuna mtu, shuka kwenye baiskeli. Shuka, mwanangu. Wakupite wote. Waulize nyumbani kwako kabla ya kuuza kitu, na usikilize mwenye hofu anayenyamaza, maana mimi nilinyamaza.

Nenda basi. Mungu akushike mikono kwenye kupanda na akushike zaidi kwenye kushuka. Milima ikupe njia. Urudi na miguu yako mwenyewe, ule chakula changu kikiwa bado cha moto.

Haya niliyokupa mengi si yangu. Niliyapata kwa baba mkwe, na lililobaki ni kukueleza alivyonipa.

Ilikuwa baada ya maziko, waombolezaji wameanza kupungua. Nilitoka nyuma ya nyumba kwenda kuchota maji, nikamkuta ameketi peke yake karibu na jiko. Nikageuka haraka kama kawaida.

"Subilaga," akasema.

Hakuwahi kulitamka jina langu. Nikasimama nimempa mgongo.

"Usiondoke. Siku ile uliniona?"

"Nilikuona, baba."

"Uliniona nina raba?"

"Niliziona, baba. Ndiyo maana nikaondoka."

Mama mkwe alikuwa ametokea mlangoni, akaziba mdomo kwa kanga, kwa kuona tunazungumza.

"Mimi nilijua njia na wewe ulijua njia," mzee akasema. "Tulikuwa na raba za kutosha baiskeli mbili. Tukaenda kujificha kama watoto. Nakugombeza, binti yangu, na mimi nimejigombeza kabla yako. Kuanzia leo ukiniona, kaa hapo hapo. Nami nitakaa. Ukiwa na neno, niletee mimi, usilipitishe kwa mtu."

"Watakusema, baba," nikamwambia.

"Waniseme. Wamesema nini kumrudisha mwanangu?" Akasafisha koo. "Mungu akutunze. Na huyo uliyembeba azaliwe salama. Akinikuta njiani, aje kwangu, asikimbie."

"Ndaga, tata," nikasema. Asante, baba.

Nikageuka. Nikatandika kanga yangu chini, nikaketi mbele yake, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza bila kukimbia. Alikuwa na macho ya Lusekelo. Hakuyaficha.